Safu ya Makosa

Daftari nililishika mimi, Orrin Tuttle,
karani wa ghala la chumvi siku za kazi,
mwandishi wa alama siku za mechi,
na nilichokiandika nilikiandika kwa wino.
Hakifutiki, hata nikitaka.

Mwezi Mei, elfu moja mia nane sabini na tatu.
Anselm Rademacher, mdakaji, miaka ishirini na mmoja,
alitujia kutoka karakana ya mapipa ya baba yake
vumbi la mwaloni lingali kwenye nyusi.
Dola sitini kwa mwezi! Mama yake alizihesabu
mara mbili kwa Kijerumani, mara ya tatu kwa Kiingereza,
kana kwamba zingepungua zikivuka lugha.
Sandusky nzima ilikuwa haijawahi kusikia
mtu akilipwa ujira wa kucheza.

Glavu hazikuwapo. Tuelewane hapo.
Phineas Crail, mrushaji wetu, alirusha mpira
kama mtu anayefukuza mdai mlangoni,
na Anselm, nyuma ya mpigaji, mikono mitupu,
aliupokea kama upokeavyo kaa la moto
uliloombwa kumpelekea jirani:
huruhusiwi kuliangusha,
huruhusiwi kulia.

Mechi ya kwanza ilichukua ukucha.
Ya pili, nilimletea ndoo ya maji ya chumvi toka ghalani,
akachovya vidole, akacheka, akaniita daktari.
Ya nne, kidole cha pete kiligeuka upande,
kikatazama kwao.
Ya tano ilikuwa Toledo, mvua, matope hadi magotini,
tukashinda kwa alama moja;
wakambeba mabegani mpaka stesheni,
naye kainua mikono juu. Watu walidhani ni furaha.
Mimi nilijua anaipumzisha damu isishuke.

Ya saba, mpira ulimponyoka mara nne.
Nikaandika: makosa manne.
Safu ya makosa ipo kwenye daftari.
Safu ya vidole haipo.
Na meneja alisoma daftari,
hakusoma mikono.

Mechi nane, basi. Juni haijaisha.
Alirudi kwao kwa miguu akiwa amebeba kofia yake ya samawati
ndani ya mfuko wa karatasi, kama mkate.
Klabu yenyewe ilikufa Agosti
ikiwa na dola zake thelathini na tano,
na kumi na mbili zangu.

Miaka kumi na miwili ikapita kabla sijatumwa
kuagiza mapipa kwa Rademacher na Mwana.
Baba hayupo tena. Mwana alikuwa ameinamia mbao za pipa,
akipitisha juu yake kile kidole cha pete,
kilichopinda sawasawa na tumbo la pipa.
"Mafundi wengine hununua kipimo," alisema.
"Mimi changu nililipwa nikichukue.
Nusunusu."

Nilitaka kumwambia kwamba kati ya yale manne
mawili yalikuwa ya Crail, mpira ulipita juu ya kichwa,
mtoto angeona,
ila jua lilikuwa machoni na meneja begani kwangu.
Nikasema: mapipa arobaini, ya kilo hamsini.

Nikachomoa kalamu yangu niandike oda.
Akanisogezea kipande cha penseli, kimetafunwa mwishoni.
"Tumia hii," akasema. "Mtu hukosea."
Sikuthubutu kumtazama nijue alimaanisha nini.
Niliandika arobaini. Nikafuta. Nikaandika sitini.