Silinda ya Tatu

Mersedesi ya Zenel, muuza asali wa Ersekë,
ilipanda kilima ikichechemea asubuhi ya theluji:
moja, pengo, nne, mbili,
moja, pengo, nne, mbili,
kama mtu ashukaye ngazi gizani
akikosa kidato kilekile kila mara.
Moshi mweupe nyuma yake uliwasha macho.

"Miaka thelathini na tisa haijanigomea," alisema Zenel
akivua kofia mbele ya boneti.
"Labda mafuta ya Korçë yana maji."
Baba hakujibu. Baba hajibu watu, hujibu mashine.
Akaniambia nishike taa.

Nina miaka ishirini na sita.
Nina cheti cha ufundi kutoka Tirana,
kimo ndani ya fremu, juu ya kalenda ya matairi,
na kazi yangu ni taa.

Spana namba kumi na saba, injini ikinguruma,
akalegeza nati ya bomba la kwanza.
Dizeli ikatoa povu, injini ikayumba, nusura izime.
"Huyu yupo," akasema, akakaza.
La pili: ikayumba vilevile. Naye yupo.
La tatu:
dizeli ikabubujika juu ya kitambaa
na injini
wala. Sauti ileile, kuchechemea kulekule.

Ukimtoa na nyumba isijue kwamba ametoka,
huyo ndiye mgonjwa wako.

Nikamkumbuka kaka yangu Fatbardh,
aliyekwenda Arta kuchuma machungwa;
tulivyoyumba, na sahani yake bado inawekwa mezani.
Nikajiuliza, taa mkononi,
nati yangu ikilegezwa leo, nani atasikia tofauti?

Tukabadilisha nozeli, ya pili kwa ya tatu.
Ugonjwa haukuhama; ulikaa palepale
kama mpangaji mwenye deni.
Tukafunga geji ya mgandamizo:
ishirini na nne, ishirini na tatu,
kumi na moja,
ishirini na nne.
Zenel akaketi juu ya ndoo.
"Ringi," akanong'ona, kama anayetaja jeneza.
Nilimwona akihesabu mizinga ya nyuki atakayouza:
sita. Labda minane.

"Tupime tapeti kwanza," nikasema.

Sikujua kama nimesema kwa sauti
mpaka baba alipogeuka.
Akanitazama muda mrefu, kama atazamavyo boliti
asiyokumbuka ameitoa wapi.

Ilibidi injini ipoe. Tulikunywa kahawa,
hakuna aliyezungumza,
theluji ikafukia nyayo za Zenel mlangoni.

Kisha baba akatoa mfukoni mabapa ya kupimia,
akanipa mimi.

Bapa la vali za moshi lina unene wa kurasa tatu za daftari.
Ya kwanza, lilipita likisugua kidogo.
Ya pili, likapita. Ya nne, likapita.
Ya tatu halikuingia hata ncha.
Roka ilikuwa imeikalia vali kifuani;
vali imezama kitini pake mwaka hata mwaka
hadi ikakosa upenyo wa kufunga mlango wake,
na chumba kisichofungika hakishiki moto.

"Nilibana mno," alisema baba.
Tapeti zile alizirekebisha yeye, mwaka juzi.
Nilidhani anaiambia injini.

Nikalegeza. Nikapima. Nikalegeza tena, kidogo,
hata bapa likapita likilalamika kama inavyotakiwa.
Mikono yangu ilikuwa miwili, yote huru;
ndipo nilipotambua
kwamba nuru ilikuwa inatoka begani pangu.

Ilikohoa mara mbili, ikawaka:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili.
Zenel akacheka peke yake, akaenda kutafuta mtungi wa asali ndani ya buti.
Baba akabaki amesimama, mchana kweupe,
taa bado inawaka mkononi mwake,
hajui aiweke wapi.