Herufi Iliyokatika

Nimekikuta nyuma ya Posta ya Zamani,
kwenye turubai la muuza vitabu,
kimebanwa kati ya Fizikia ya Kidato cha Pili
na mwongozo wa kufuga kuku wa mayai.
Mende wamekula jalada, jina wameliacha:
L. M. Kapalata.
Baba.

“Huyo alikuwa kiboko,” muuzaji akaniambia.
“Mama yangu alimsoma wiki moja,
wiki hiyo yote hakwenda chooni usiku.”
Akataka elfu kumi na tano.
Nikaomba apunguze. Sikumwambia mimi nani.

Magomeni Mapipa, chumba na nusu;
ile nusu ilikuwa ya mashine ya chapa.
Herufi ya “r” ilikatika mwaka wa foleni za sukari,
na kipuri hakikupatikana mjini kote.
Basi akapiga vivyo hivyo, akaacha pengo,
kisha usiku akayajaza kwa kalamu, moja moja:
kila roho, kila kaburi, kila rudi
ina herufi moja ya mkono wake.

Mchana alihesabu magunia bandarini.
Jioni aliinywa hesabu yote kwa Mama Ndekeja.
Mwenye kiwanda, Gerezani, alimlipa karatasi,
au ahadi. Ahadi haikaangi dagaa.
Majirani wakasema anafuga majini,
ndiyo maana mke hakudumu.
Akaja shehe na kombe, akaja padri na maji yake,
wote wakanywa chai kavu, wakaaga mapema.

Halafu kuna yule mwanamke.
Yumo katika vitabu vyote kumi na kimoja.
Huja saa nane za usiku, hana kivuli,
nyayo hazigusi sakafu,
amejifunga kanga ya zambarau
yenye maneno NITARUDI USINIFUNGIE.
Temeke walitundika ndimu milangoni.
Mabwenini wasichana walilala wawili wawili.

Mimi kanga ile naijua. Nilibebwa nayo.
Ina doa la iodini pindoni.
Ilirudi kutoka Muhimbili peke yake,
imekunjwa vizuri, ndani ya mfuko wa kaki.

Jiji zima lilimwogopa mama yangu.
Mimi tu, miaka tisa, kibatari chini ya shuka,
nilimsihi yule mpumbavu wa hadithini
asipige komeo.
Fungua, bwana.
Katoka mbali, miguu peku, fungua.

Hawakufungua. Vitabu kumi na kimoja,
na hakuna hata mmoja aliyefungua.
Nilimchukia baba kwa hilo
kuliko kwa pombe.

Siku hizi vijana wanamsimulia kwenye simu.
Jina la mtunzi wamelitupa,
mwanamke wamemwongezea kwato.
Mama hakuwa na kwato.
Alikuwa na ndala za kijani,
ya kushoto imeshonwa kwa waya.

Baba alikufa Aprili. Tulikuwa bado matangani
Msimbazi ulipofurika, ukaingia hadi uvunguni,
ukauchukua mswada wa kumi na mbili.
Kilichobaki ni mashine juu ya meza,
na ndani yake karatasi moja ya kaboni.
Nimeihifadhi miaka thelathini na minne
bila kuitazama.

Jana, baada ya kusoma kile kitabu cha turubai
(komeo, kelele, mwisho),
niliisimamisha kaboni mbele ya taa ya jikoni.
Mistari imepandana, mingi haisomeki.
Chini kabisa, peke yake:

*Akainuka, akafungua mlango. Akasema,
ka ibu, mke wangu. Chai imepoa.*

Ka, pengo, ibu.
Hakuwahi kulijaza.

Kalamu iko mezani tangu jana.
Nimeandika “r” nyuma ya bili ya maji
mara ishirini hivi,
naujaribu mwandiko wake.
Bado haufanani.