Sekunde Tatu

Fomu inataka namba.
Mguu mmoja, mikono kiunoni, sekunde kumi.
Mpira wa tenisi, mita tatu, udakwe mara tano.
Mstari wa utepe, utembewe kisigino kwa kidole.
Nami nina saa ya kubonyeza, filimbi shingoni,
na watoto ishirini na watatu wa darasa la pili
kwenye ujia wa shule, hapa Ibra,
kwa kuwa Mei uwanja ni kikaango
tangu saa mbili asubuhi.

Thuraiya amesimama kama msumari.
Al-Waleed amedaka minne, wa tano umempiga pua,
akacheka, akapiga chafya, akaomba arudie.
Kisha Muhanna.

Muhanna huletwa kwa gari hadi langoni,
mkoba wake hubebwa na dereva,
viatu vyake vikikanyaga huwaka taa,
nyekundu, buluu, nyekundu,
soli nene kama mkate wa kumimina.
Akainua mguu.
Moja.
Mbili.
Tatu, akaenda na ukuta.
Wenzake wakacheka kicheko kile
kisicho na ubaya lakini kina meno.
Nikaandika 3.
Penseli ilikuwa nyepesi mno.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete,
angesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,
na mimi nilikuwa nimeshamaliza kesi:
kompyuta kibao, zulia, kiyoyozi,
kidole gumba hodari, miguu ya kuazima.
Nilikuwa na hotuba nzima ya wazazi.

Ijumaa baada ya swala
nikaenda shambani kwa wifi yangu.
Falaji yao hupita katikati ya mitende,
ukuta wake upana wa kiganja na nusu,
maji yana haraka, hayana muda na mtu.
Na juu ya ukuta, pekupeku,
kandambili mkono huu,
mfuko wa ndimu mkono ule,
alikuwa Muhanna.

Hakutazama miguu.
Alitazama kereng'ende.
Vidole vyake vilifumbua na kufumba juu ya jiwe,
vikiuliza, vikijibiwa,
na mfuko wa ndimu ukaning'inia upande
ambao mwili uliuhitaji.
Nikahesabu hatua, mazoea ya kazi:
thelathini na moja.
Kwenye kona akageukia mguu mmoja
kama mlango kwenye bawaba,
akaniona.
"Mwalimu!"
Hapo ndipo alipoyumba,
kwa haya, si kwa mguu.
Ndimu mbili zikaenda na maji.

Jumapili nikasema: vueni viatu.
Jozi ishirini na tatu zikajipanga ukutani,
kimoja kikaendelea kupepesa taa peke yake
kama kinachomwita mwenyewe.
Vigae baridi. Soksi ya Al-Waleed ina tundu,
kidole kimechungulia, darasa zima limekisalimu.
Mkuu wa shule akapita, akatazama,
akakohoa kikohozi cha ofisini, akaenda zake.
Muhanna akasimama sekunde nane.
Si kumi.
Ya tisa ililiwa na kengele, nami siiapii.

Fomu haina safu ya falaji.
Haiulizi ardhi ilikuwa ipi,
mtoto alivaa nini,
macho mangapi yalimkodolea.
Nikafuta ile 3 mpaka karatasi ikatoka manyoya,
nikaandika 8,
na pembeni, kwa herufi ndogo
ambazo huko zinakokwenda hazitasomwa:
peku.

Usiku, jikoni, mume wangu amelala.
Nikavua ndara. Mikono kiunoni.
Miaka arobaini na saba, filimbi bado shingoni.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Nne, nikalikamata friji.