Kishikwambi cha Bi Mwanasha

Aliingia dukani kwangu, Barabara ya Nane,
noti kazikunja ndani ya kopo la maziwa.
Nikaanza kama ninavyowaanza wote:
kumbukumbu hii, kamera ile,
kioo hiki, mama, hata samaki utamhesabu magamba.

"Samaki namnunua sokoni," akasema.
"Hiki kitakumbuka nani hajarejesha?"

Ndiye mweka hazina wa akina mama ishirini na watatu,
na daftari lao panya amelila
kuanzia ukurasa wa Ramadhani.

Nikampa cha bei. Akakipima kiganjani
kama nyama ya bucha asiyemwamini.
"Kizito."
Nikampa chepesi. Akatoka nacho juani,
akarudi: "Kimegeuka kioo cha kujipakia wanja."

Cha tatu kilikuwa cha mkononi, kina ufa pembeni,
ila herufi zake zinakua, zinakua,
mpaka neno DENI linajaza uso mzima.
Akacheka. "Hiki. Hili hata Mama Shemndolwa ataliona."

Nikamwambia aweke kidole gumba, kimtambue.
Jaribu tena, kikasema.
Jaribu tena.
Akanifunulia mkono: ncha za vidole laini kama sahani,
miaka kumi na tisa ya singa za mkonge
imefuta alama zote.

"Basi tutumie namba ya siri," nikasema, nikageuza uso.
Akaitamka kwa sauti, tarakimu nne, bila kuficha:
matita aliyofunga mwezi wake wa mwisho kiwandani,
yote,
si yale aliyoyaandika nyapara.