Mayi

Beji kifuani imeandikwa MZEE,
chini yake MULONGO, herufi nyeupe.
Watoto wa Muyeye huisoma kwa sauti,
kisha wananikagua kidevu.
"Mzee gani huyu? Hata ndevu za kukopa hana!"

Nina miaka kumi na tisa.
Mzee Fonoti, mwenzangu, ana ishirini,
katoka Samoa, kifua kama mlango wa ghala.
Hatuachani hata kwa kwenda kununua sabuni.
Ndiyo kanuni: wawili wawili,
kama ndala.

Saa kumi na mbili na nusu tunaamka.
Adhana imepita zamani,
jirani ameshasali, ameshafungua duka.
Tunapiga magoti juu ya saruji,
yeye kwa Kisamoa,
mimi kwa Kiswahili cha Lubumbashi
ambacho hapa Malindi huchekwa
kama suruali iliyochanika nyuma.

Wiki ya kwanza niliomba mayi.
Famau wa dukani akanifungia
mayai mawili kwenye gazeti.
Nikalipa. Niliona haya kuyarudisha.
Kiu nikarudi nayo nyumbani.

Kwetu ugali ni bukari,
mchicha ni lengalenga.
Nilipofungua barua ya wito nilimwambia mama:
wamenituma kwa watu wa lugha yangu, nina bahati.
Sasa mtoto wa darasa la pili ananishika mkono,
ananirudisha nyuma neno kwa neno:
"Si bantu. Watu. Sema tena."
Nasema tena.

Kola ya shati, kwa chumvi ya kisima,
ikikauka husimama yenyewe.
Tai inanuka jasho la jana.
Hodi kumi, milango saba haifunguki,
wa nane ni mbwa.

Kwa Bi Mwanasiti ni "karibuni" kabla hodi haijaisha,
na chai ya tangawizi, na mahamri ya moto.
Mahamri tunakula. Chai tunaomba radhi.
"Kahawa, basi?"
Kahawa pia, Bi.
Akatutazama kama wagonjwa.
"Kwani chai imewakosea nini?"
Fonoti akaanza kueleza, akapotea katikati ya sentensi,
nami nilikuwa nimepotea kabla yake.
Siku ya pili tukakuta ukwaju, wenye barafu.
"Dini ninayo yangu, inanitosha," alisema,
"ila glasi zenu ndizo hizi mbili. Hazinywei mtu mwingine."

Jumatano tulivua tai, tukaenda Maweni
kumchimbia Mama Mbodze choo.
Chini ya udongo ni matumbawe matupu.
Sururu inaruka, mkono unakufa ganzi,
naye kasimama kando, mikono kiunoni:
"Na mwisho mtanidai nini?"
Hakuna, mama.
Hakuamini. Mpaka leo haamini.

Usiku ule umeme ulikatika.
Fonoti aliletewa habari: bibi yake, aliyemlea,
amezikwa bila yeye.
Simjui bibi wa Samoa.
Sikuwa na neno, la kwetu wala la hapa.
Nilichukua kijitabu cha mahubiri
nikampepea hadi akalala,
kisha nikaendelea, kwa sababu ya mbu.

Jumatatu ni kufua, na kupiga simu.
"Umeshabatiza bantu bangapi?" mama anauliza.
Nikamjibu: futi tano na nusu, mama,
bado nusu futi.
Simu ikakaa kimya. Nikasikia sufuria.
"Na bukari, unapata?"
Napata.

Jioni nikapita kwa Famau, koo limekauka.
Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima:
"Naomba maji."
Akafungua friji, akatoa chupa mbili,
akazigonga juu ya kaunta.
"Mayi hayo, Mzee."
Nikamwangalia usoni: hakuwa akicheka.
Au alikuwa akicheka kwa namna ya watu wa nyumbani.
Sikumsahihisha.
Nyuma yangu, hatua mbili,
Fonoti alikuwa akihesabu chenji.