Herufi Tatu

Dirishani pa vitambulisho, Malindi, saa tatu asubuhi,
karani akauliza, "Mzee, jina?"
Baba akamtazama kama mtu aliyeombwa chenji
na mfuko umetoboka.
Nikajibu mimi: Zakaria bin Shee.
Naye akainamisha kichwa kwa adabu,
kama ametajiwa mgeni.

Huyu ndiye aliyekuwa karani wa mizani kinuni,
miaka ishirini na saba ya pamba,
aliyejua gunia la nani lilitiwa mawe,
nani alipunjwa mwaka wa mafuriko.
Akina mama wa Barani walimjia
kumuuliza watoto wao walizaliwa lini.
Hafungui daftari. "Wako? Jumatano.
Siku mkanda wa mashine ulipokatika."

Tukaenda kutoa nakala kwa Ngumbao,
tuliyesoma naye darasa moja,
akaenda chuo cha wachungaji miaka miwili,
akarudi bila kola, na deni la mashine.
Akapanga karatasi za Baba juu ya kioo:
Zakaria kwenye cheti,
Sakaria kwenye kipande cha mkoloni,
Zekaria kwenye bili ya maji.
"Ni mamoja," akasema. "Wayahudi wa kale
hawakuandika irabu. Zayini, kafu, reshi.
Kisha mwishoni Yah, jina la Mungu
lililokatwa likabaki pumzi."
"Maana yake?"
Mwanga ukapita chini ya kifuniko, ukarudi.
"Mungu amekumbuka."

Nilitaka kucheka.
Baba alikuwa akihesabu vifungo vya shati lake,
anafika vitatu, anaanza upya.

Ngumbao akaendelea, wino vidoleni:
walikuwa wengi, hao.
Mmoja mfalme, akatawala miezi sita, akauawa mbele za watu.
Mmoja alipigwa mawe uani mwa hekalu.
Mmoja aliota farasi usiku kati ya mihadasi,
wenzake wamerudi kutoka uhamishoni
na mji ungali kifusi.
Na yule mzee tunayemjua sote wawili,
wewe kwa chuoni, mimi kwa kanisani,
aliyeomba mtoto mvi zimeshamwaka kichwani,
akapewa, na ulimi ukafungwa.
"Nani humwita mwanawe hivyo," akasema,
"kama hajakaa sana akidhani amesahauliwa?"

Nakala sita. Pesa hakupokea.

Sikuwahi kuuliza jina lilitoka wapi.
Nyanya alizika watatu kabla ya Baba,
wa tatu hakufika arubaini.
Kiebrania hakukijua.
Au alikijua kwa njia ya waliofiwa.

Usiku niliandika nyuma ya nakala iliyoharibika:
zayini yao ni dhali yetu.
Dhali, kafu, re.
Nikaisoma kwa sauti, nikanyamaza.

Alhamisi, baada ya Isha,
halaka ya msikiti wa nyuma ya nyumba ilianza.
Baba yu kitandani, sahani ya mkate wa mofa magotini,
asubuhi ile hakumjua mwanawe wa kiume.
Sauti zikapanda ukuta.
Kichwa chake kikaenda kulia,
kikaja kushoto, kikashuka moyoni,
bila kukosa hata pigo moja,
na kila pigo lilikatika, likabaki pumzi.

Nikasimama mlangoni na birika.
Miezi yote ile nilimdai kama mwenye duka:
kumbuka, Baba, huyu nani, leo siku gani?
Kumbe jina halikumtaka yeye akumbuke.
Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Dhikiri ikaisha. Viatu vikaburutwa barazani.
Akageuka, akaniita Maimuna,
dada yake, aliyezikwa mwaka wa uhuru.
"Maimuna, chai inapoa."

Nikaitika, labeka.
Nikammiminia.
Sukari vijiko vitatu, hilo hakulisahau.
Alinihesabia.