Kidato cha Chini

Mara ya tatu tangu nioe
wananiita bandarini Qeqertarsuaq
kuongeza kidato kwenye ngazi ya chuma.
Si juu. Chini.
Mashua zimeshuka, ngazi inaning'inia
kama suruali iliyopitwa na kimo cha mtoto.

"Basi bahari inapungua," akasema shemeji yangu Ujarneq,
kisu mkononi, anatafuna ngozi ya nyangumi.
"Redio kila asubuhi inalia dunia itazama.
Hao wa redio wameshuka ngazi hii lini?"

Binti yangu Ivaana, mwalimu wa hisabati,
hakubishana. Alifungua friza
(sisi nasi tuna friza, usicheke),
akatia vipande viwili vya barafu kwenye glasi,
akamimina maji mpaka ukingoni kabisa,
tone moja zaidi lingemwagika.
"Ngojeni."

Tukangoja. Kahawa ikapoa.
Mbwa wa jirani akabweka, akachoka.
Barafu ikaisha, na maji yakabaki palepale,
ukingoni, hayakuthubutu.
Ujarneq akapiga meza: "Si nilisema!"

"Hiyo ni barafu ya baharini," Ivaana akajibu,
"ile unayopitisha sleji.
Inaelea, imeshajilipia nafasi yake.
Mgeni aliyekwisha kaa
hadai kiti cha pili akisinzia."

Kisha akalaza uma juu ya mdomo wa glasi,
na juu ya uma kipande cha tatu.
"Na hii ni ya bara. Inayotulalia mgongoni."

Tone.
Tone.
Kitambaa cha meza alikidarizi marehemu mke wangu,
maua ya zambarau pembeni;
maji yalianza na ua moja,
yakapita la pili,
yakafika kwenye kiwiko cha Ujarneq.
Akakisogeza kiwiko.
Hakusema kitu.

Nikasema mimi: "Lakini ngazi?
Ngazi haina redio. Nimeichomelea kwa mkono huu."

Akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi
wanaouliza swali la maana kwa bahati tu.
Ardhi, alisema, ni godoro:
mzito akiinuka, nalo linainuka, polepole, miaka na miaka.
Tena barafu ile, kwa uzito wake,
ilikuwa ikiivuta bahari ije karibu,
na sasa inakonda, mkono unalegea,
bahari inakwenda zake.
"Maji yanatoka kwetu, Baba.
Hayakai kwetu."

Yanakwenda wapi, sikuuliza.
Alikwisha washa simu.
Mwanamke anaitwa Bwenaua, mwalimu mwenzake, wa Tarawa,
kisiwa chembamba kama ukanda ulioanguka majini.
Shimo la viazi vyao limeingia chumvi.
Nyuma yake mume anapandisha kizingiti cha jiko,
tofali moja, kisha analitazama,
kisha la pili.
Alinipungia mkono, ule wenye saruji.
Nami nikapunga.
Lugha tungeitoa wapi?

Wahenga wa kila mahali wanajua kusifia haba na haba.
Hawakutaja kibaba kinachojaa ni cha nani.

Usiku, ambao huku mwezi wa saba haupo,
nilishuka na mitungi ya gesi na kioo cha macho.
Nikakata chuma, nikakiunga, cheche zikaanguka majini
zikizimika moja moja kwa sauti ya mtu anayenyamazisha mtoto.
Nilitaka kumwandikia yule bwana wa matofali.
Nimwambie nini?
Pole kwa maji yetu?
Samahani, tulikuwa tumeyaweka vizuri, juu, yakiwa magumu?

Nikakanyaga kidato kipya kwa buti, uzito wangu wote.
Kimeshika.
Chini yake bahari imetulia, mbali kidogo kuliko jana yake,
kama mtu aliyetoka na kitu chako mfukoni
akarudishia mlango taratibu
usiamke.